Kukimbia, Kukimbilia

Jumatatu, kituo cha karibu na daraja,
mwanamke mwenye mkoba mwekundu alikuja mbio,
mkono juu, mdomo wazi,
nami nikabonyeza kitufe. Mlango ukajifunga mbele ya pua yake.
Ratiba ni ratiba. Miaka kumi na tisa naendesha tramu hapa Szeged
nimekaa kitako, reli ikiniamulia.

Jioni nikavaa viatu.

Bi Rózsika wa ghorofa ya chini, akikung'uta zulia lake,
aliniuliza kama anavyoniuliza siku zote:
"Ödön, unakimbia nini?"
Sina deni, Bi Rózsika. Sina kesi, sina mbwa nyuma yangu.
Nina kitambi, na kilomita sita
juu ya tuta walilolijenga wazee wetu
baada ya mto Tisza kuwaingilia vyumbani.
Siku hizi mto una adabu. Unakwenda taratibu,
kama mtu anayejua aendako
hata asipofika leo.

Jumanne niliandika kwenye daftari: pumziko.
Kumbe nilikuwa na zamu mbili.

Jumatano ni ya Kornél,
fundi wa meno, miaka sitini na mitatu, miguu kama fito,
anayetupanga sisi sita nyuma ya shule
kwa filimbi ya plastiki: mita mia nne, mara nane,
na dakika moja ya kuhema.
Mara ya kwanza nilikuwa paa.
Mara ya tatu, punda.
Mara ya sita nilikuwa gunia la paprika
linaloburutwa na mtu aliye ndani yangu
ambaye hatuelewani.
"Jumapili uanze polepole," Kornél alisema,
"utanishukuru kilomita ya kumi na saba."

Alhamisi mvua. Dakika ishirini tu,
goti la kushoto likatamka neno.
Ijumaa nikalipaka mafuta ya kafuri,
Emőke akachukua mto wake akahamia sebuleni.
Jumamosi namba ya kifuani, 1148, na pini nne.
Niliibandika, nikaibandua, nikaibandika.
Tukala tambi kimya
kama watu wenye safari ya alfajiri.

Kilomita ishirini na moja, mita tisini na saba na nusu.
Hiyo nusu mita nani aliipima,
na kwa roho gani?

Bastola ikalia. Nikatoka kama mwizi.
Kilomita ya tano niliwapita vijana.
Ya kumi, vijana walinirudishia salamu.
Ya kumi na saba, darajani, nilitazama chini:
Tisza, taratibu,
ilikuwa ikinipita.

Mtoto mmoja alininyooshea kipande cha chungwa, hakusema kitu.
Nilikila pamoja na ganda.

Nikatembea. Hili sikuliandika kwenye daftari.
Nikakimbia hadi nguzo ya taa, nikatembea hadi nguzo,
nikaiahidi nguzo ya tatu mambo
ambayo sijamwahidi hata mke wangu.
Saa mbili na dakika thelathini na nane.
Jumapili, na mimi wa pili,
kutoka nyuma.
Nyuma yangu mzee mmoja akiimba,
na nyuma yake basi la kuokota walioshindwa,
tupu, taa zikiwaka.

Jumatatu nikashuka ngazi kinyumenyume, kiganja ukutani.
Bi Rózsika alinihesabia hatua zote ishirini na nne.
Hakuuliza.

Kituo kile kile. Kwenye kioo, mwanamke anakuja mbio.
Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.
Nikakiondoa.
Sekunde kumi. Sekunde thelathini. Abiria wakageuza shingo,
mtu akagonga kioo changu kwa pete yake.
Nikasubiri, mlango wazi, baridi ikiingia,
mapaja yangu yakiuma kwa niaba yake.

Akafika, uso mwekundu, akanipungia mkono,
akapita.

Hakuwa akiikimbilia tramu.
Alikuwa akikimbia.